Bajaji ya Porini

Saa tatu usiku, mwezi wa Novemba, kaskazini mwa Minnesota. Watu wawili wa Afrika Mashariki wamekaa juu ya gogo lenye theluji, wanahema kama waliofukuzwa na nyuki. Mmoja ni mimi, mtu wa Tanga. Mwenzangu ni Mkenya wa Eldoret, ambaye siku za kawaida hutuambia sisi Watanzania kwamba kwao watoto huzaliwa na pafu la tatu. Usiku ule pafu la tatu sikuliona. Mbele yetu amelala kulungu dume, tumeshamtoa matumbo, kamba imefungwa kwenye pembe, na tumekuwa tukimburuta tangu saa kumi na mbili jioni. Simu inasema tumevuka mita mia sita. Gari liko kilomita nzima mbele.

"Wewe Mswahili," akaniambia, "huyu mnyama tukimchoma hapa hapa tukammaliza, kuna sheria inakataza?"

Tulifika garini saa sita kasoro. Mabega yaliniuma hadi Jumatano. Njia nzima ya kurudi mjini Mkenya alikoroma, mimi nilikuwa napiga hesabu kichwani ya kupata chombo cha kumtoa mnyama porini.

Kwa wasiomjua: huyu ninayemwita kulungu si yule wa kwetu. Ni mnyama wa huku, mkia wake ni mweupe kwa chini, na akishtuka anaupandisha kama bendera. Idara ya maliasili ya jimbo inasema dume mzima ana wastani wa pauni 170, kama kilo 77, na jike pauni 145. Ukishatoa matumbo uzito unapungua, ila mzoga hauna ushirikiano. Gunia la mahindi la kilo sitini mtu anakutwisha, unatembea. Kulungu wa kilo sitini ana miguu minne inayonasa kila kichaka, shingo inayogeukia upande usioutaka, na manyoya yanayokunywa maji ya kinamasi mpaka unahisi kuna mtu amempanda mgongoni.

Dawa ya bei nafuu ipo. Ni sleji ya plastiki, ile wanayotumia wavuvi wa kwenye barafu. Unamlaza mnyama, unafunga kamba, unavuta. Kama unawinda karibu na barabara au kwenye mashamba ya wazi, nunua hiyo, na pesa iliyobaki katumie watu nyumbani. Dungu langu mimi limejengwa nyuma ya kinamasi, kwenye shamba la eka 80 la mzee mmoja, baba wa mfanyakazi mwenzangu, na eneo hilo limepakana na msitu wa umma. Sleji pale ilivunjika msimu mmoja tu.

Ndipo nikaanza kutafuta kile Wamarekani wanachokiita saidi-bai-saidi, kwa sababu dereva na abiria hukaa ubavu kwa ubavu, tofauti na pikipiki ya magurudumu manne ambako mnapakatana. Kina usukani, pedali, mikanda ya usalama, fremu ya vyuma juu ya vichwa, na nyuma kijibodi cha mizigo kama cha Kirikuu. Nilipomtumia mama picha ya kwanza kwenye WhatsApp, alinijibu kwa sauti: "Mwanangu, umekwenda Marekani miaka yote hiyo kununua bajaji? Tena imekosa turubai!" Tangu siku hiyo nyumbani kwetu jina lake ni bajaji. Humu nitaiita hivyo hivyo.

Kuuliza ushauri wa bajaji Minnesota ni sawa na kuingia kijiwe cha kahawa Kariakoo ukauliza Simba na Yanga nani bora. Polaris ni watoto wa hapa hapa. Kampuni ilianzia Roseau, mji mdogo wa jimbo hili karibu na mpaka wa Kanada, mwaka 1954, ikajulikana kwa pikipiki za theluji. Mmoja wa waanzilishi, Edgar Hetteen, akaondoka, akaenda kuanzisha nyingine Thief River Falls, humu humu jimboni, ambayo ndiyo ikawa Arctic Cat. Yaani hata kugawanyika kwao ni kama kwa Simba kutoka Yanga mwaka 1936. Mzee mwenye shamba ni Polaris. Mkwe wake ni Arctic Cat. Wakikaa meza moja siku ya sikukuu, mama mwenye nyumba anakataza kutaja injini mpaka watu wamalize kula.

Kwa hiyo nilishauriwa na kila mtu, na kila mtu alinishauri kana kwamba anayenunua ni yeye. Kijana mmoja kazini alinionyesha video ya RZR, bajaji ya michezo ya Polaris, ikiruka tuta la mchanga. Mwingine, ambaye hajawahi kuwinda hata panya, aliniambia nisishuke chini ya nguvu za farasi 100. Mama watoto aliuliza swali moja tu ambalo lilikuwa na akili kuliko yote: "Msimu wenyewe ni siku ngapi?"

Siku kumi na sita, kwa ukanda wetu.

"Basi kitu cha siku kumi na sita hakinunuliwi humu ndani. Kitafute cha siku zote."

Swali lake lilinipeleka kwenye kijitabu cha sheria, na humo nikakuta jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kwenye ardhi ya umma, msimu wa bunduki, mwenye leseni ya kulungu haruhusiwi kuendesha chombo cha namna hii ndani ya saa za kuwinda, isipokuwa kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Saa za kuwinda zinaanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na zinakwisha nusu saa baada ya kuzama. Na bunduki ikiwa ndani ya chombo, iwe haina risasi. Sasa pigia picha: unaingia gizani alfajiri, polepole, taa zimeelekezwa chini, unaegesha mbali, unamalizia kwa miguu. Mchana unaweza kuja kuchukua mnyama aliyeanguka asubuhi. Vinginevyo unasubiri giza. Hakuna mahali popote katika siku hiyo ambapo nguvu za farasi 100 zinakusaidia. Kwenda porini naweza kwenda kwa miguu yangu. Sina kilo sitini mgongoni. Nilichokuwa nanunua ni safari ya kurudi.

Nilipoliweka hivyo, nusu ya mashine za kwenye orodha yangu zilijiondoa zenyewe. RZR na ndugu zake ni za kuchezea, zina shokapu ndefu na kijisehemu cha mizigo cha kubeba kikapu cha chakula. Kwenye mchanga ni starehe, na siku nikipata pesa za kuchezea nitaongea vingine. Zile za kazi zenyewe, kama Ranger XP 1000 au Can-Am Defender ya injini kubwa, zinabeba na kuvuta mpaka basi. Ranger hiyo inavuta trela ya pauni 2,500. Lakini mpya inacheza kwenye dola 20,000, na ukitaka kabini ya vioo yenye hita na kiyoyozi unakaribia 30,000 au unazivuka. Kwa pesa hiyo kwetu mtu anajenga nyumba anapaua, na inabaki ya mlango wa mbele.

Nikabaki na za katikati, tena zilizotumika. Na hapo ndipo nilipotumia muda mwingi kwenye jambo ambalo wengi hawaliangalii kabisa: nguvu inatokaje kwenye injini kufika kwenye magurudumu.

Ukiwahi kuendesha skuta za mjini unaijua njia ya kwanza. Kuna mkanda wa mpira umepita kwenye puli mbili. Puli hizo zinabana na kuachia kadiri injini inavyozunguka, mkanda unapanda na kushuka, na ndiyo gia zako hizo, hazina idadi. Ni mfumo mwepesi, laini, na Polaris, Can-Am, Kawasaki na Yamaha wote wanautumia kwenye bajaji zao za kazi. Sisemi ni mbaya. Shida yake ni joto. Ukivuta gogo taratibu huku umeweka gia ya H, ile ya mwendo wa kasi, mkanda unateleza kwenye puli badala ya kubanwa, unapata moto, unapata alama ya kung'aa sehemu moja, na siku moja unakatika. Maelekezo yameandikwa kwenye kila kitabu cha mwenye gari: mzigo mzito, mwendo mdogo, weka L, gia ya chini. Watu hawasomi. Nilishuhudia wa jamaa mmoja ukikatika kwenye kilima, na baridi ilikuwa imeshuka chini ya sifuri. Mlio ulikuwa kama mtu amepiga turubai kwa fimbo, kisha harufu ya mpira, kisha injini ikawa inaunguruma tu na magurudumu hayana habari. Tulifungua kifuniko kwa tochi. Nyuzi za mkanda zilikuwa zimejizungusha kwenye puli kama nywele kwenye brashi, tukawa tunazikata na kuzichomoa kwa koleo, moja moja, vidole havisikii. Mkanda wa akiba alikuwa nao. Bisibisi ya kufungulia alikuwa ameisahau nyumbani.

Njia ya pili ni ya Kubota. RTV-X1100C yao ina injini ya dizeli ya silinda tatu na inasukumwa kwa mafuta ya haidroli, hakuna mkanda. Ni trekta lililovaa nguo za bajaji. Haina haraka na mtu, inavuta, inaunguruma, na kwenye njia za msituni inakurusha mgongo kwa sababu ni nzito na imejengwa kwa ajili ya shamba. Ningekuwa na ng'ombe ningenunua hiyo nikalala usingizi.

Ya tatu ni Honda, ambao waliamua kuweka gia za chuma. Pioneer 1000 yao ina klachi mbili zinazopokezana, kama magari ya kisasa. Pioneer 700, iliyotoka kama modeli ya 2014, ina giaboksi ya automatiki ya gia tatu yenye tokikonveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia), ile ile unayoijua kwenye Corolla ya babu. Injini ni silinda moja ya sisii 675. Haikimbii, na wenye RZR wanaicheka. Ila hakuna mkanda wa kuungua, na ukishuka mteremko ukaachia mafuta injini inashika, gari halikimbilii bondeni. Hilo la mwisho nililielewa vizuri nilipoijaribu nikiwa na mfuko wa mawe nyuma.

Halafu kuna ile yenye namba 700-4. Kijibodi cha nyuma kina viti viwili vilivyofichwa sakafuni. Ukivinyanyua una bajaji ya watu wanne, ukivilaza una bodi ya mizigo inayoinuka kama tipa. Kiangazi watoto, Novemba kulungu. Nilimwonyesha mama watoto video. Akaitazama mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa video yoyote niliyomwonyesha.

Kabla sijafika kwenye kununua, nizungumzie upana, maana umewaumiza wengi. Minnesota inazigawa hizi bajaji kwa upana: inchi 50 kushuka chini ni daraja la kwanza, zaidi ya 50 mpaka 65 ni daraja la pili. Njia za msituni zina vibao. Njia ya daraja la kwanza ukiingia na inchi 60 umevunja sheria, na mara nyingi utakuta wameweka vyuma viwili mlangoni ambavyo havibishani na mtu. Honda wana Pioneer 520 ya inchi 50 kwa ajili hiyo, na Polaris wana zao. Mimi nilichukua ramani ya njia za maeneo yetu na kalamu nyekundu, nikakuta njia nyingi ninazozitaka ni za daraja la pili. Pioneer 700 ina inchi 60 hivi. Nikaridhika.

Nilichosahau kupima ni trela. Trela langu lina futi tano ndani. Inchi sitini ni futi ngapi? Mimi niliyefundishwa hesabu kwa fimbo pale Tanga sikulijua hilo mpaka nilipofika uwanjani kwa muuzaji, magurudumu ya mbele yamepanda juu ya ukingo pande zote mbili na watu wanapiga picha. Mzee mwenye shamba alikuja kuniokoa na trela lake, mwendo wa saa mbili na nusu, na hakusema neno hata moja mpaka tulipofika barabara kuu. Kisha akasema, "Kijana, hata Polaris isingeingia." Kwake hiyo ilikuwa faraja.

Lakini hiyo ilikuwa mashine ya tatu kuiona. Ya kwanza ilikuwa inang'aa kuliko harusi. Nilishaelekezwa na fundi mmoja Mtanzania wa huku: ukifika, kabla hujasalimia, weka kiganja kwenye injini. Nikaweka. Ya moto. Mwenye nayo anasema haijawashwa tangu juzi. Mashine inayowaka vizuri ikiwa baridi haihitaji kupashwa kabla ya mgeni, hivyo nikashukuru kwa kahawa nikaondoka. Ya pili nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikakuta oili ina rangi ya chai ya maziwa. Hayo ni maji yameingia. Chombo kilizamishwa mahali. Muuzaji alisema ni unyevunyevu tu. Unyevunyevu wa mto, labda.

Ya tatu ilikuwa 2016, ya mkulima aliyestaafu, chafu, kiti kimechanika kidogo upande wa dereva. Injini baridi kama jiwe. Iliwaka mara ya pili. Nikalala chini kwenye changarawe na tochi, nikaanza na buti za mpira za ekseli: ikichanika moja, mchanga unaingia kwenye jointi na hapo umeshanunua ekseli. Zote nzima. Nikashika kila gurudumu juu na chini nikalitikisa kusikia kama beringi zimelegea. La nyuma kushoto lilikuwa na mlio mdogo, nikalipunguzia bei. Nikafungua boksi la filta ya hewa: vumbi, lakini si matope. Matope kwenye boksi la filta maana yake maji yalifika kwenye usawa wa kiti. Radieta mapezi yamelala kidogo. Saa za injini na maili zilikuwa zinaendana na kazi ya polepole ya shamba. Chombo kilichoenda maili nyingi kwa saa chache kilikuwa kinakimbizwa. Tukakubaliana dola 8,200, akanipa na funguo mbili, kitabu, na mkebe wa maandazi aliyooka mkewe. Sijui kwa nini, lakini yale maandazi ndiyo yaliyonimaliza.

Kwa wanaonunua za zamani zaidi, mchongo mmoja muhimu. Mtaziona Yamaha Rhino za bei ya kutupa, mashine iliyotoka 2003 na kuwafanya wengine wote waige. Machi 2009 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitangaza pamoja na Yamaha matengenezo ya bure kwa Rhino za 450, 660 na 700, baada ya uchunguzi wa ajali zaidi ya 50 zilizokuwa na vifo 46, nyingi zikiwa za kupinduka. Kwa zile za 450 na 660 walipanua magurudumu ya nyuma kwa vipande vya chuma na kuondoa stabilaiza ya nyuma. Ukikuta ya namna hiyo, inama uangalie kama vile vipande vipo. Havipo, iache, au viwekwe kwanza.

Nami nilidhani mambo ya kupinduka ni ya wenye fujo, mpaka nilipojifunza mwenyewe jinsi bajaji hizi zilivyo na kimo kirefu na tumbo la juu. Kwenye mteremko wa ubavu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, gurudumu la juu liliachana na ardhi kwa upana wa kiganja. Likarudi. Nilikaa pale dakika nzima mikono ikiwa kwenye usukani. Kitu cha kwanza ambacho mwili unataka kufanya ni kutoa mkono au mguu nje kuzuia, na ndicho kinachovunja watu mikono, kwa sababu fremu ile ya vyuma inakuja kuulalia. Ndiyo maana kuna nyavu za mlangoni na mikanda, na ndiyo maana watoto wangu hawapandi bila helmeti, jambo ambalo kwa walio chini ya miaka 18 ni sheria pia.

Na hapa lilinikuta la aibu. Nilinunua ya viti vinne kwa ajili ya watoto wawili. Kanuni ya abiria ni kwamba akikaa ameegemea kabisa, nyayo zote mbili zifike sakafuni na mkono ufike kwenye kishikio. Kaka mtu alifika. Mdogo wake wa kike, nyayo zikaning'inia inchi nne. Alijaribu kukaa ncha ya kiti. Alijaribu viatu vya theluji vya mama yake. Nikamwambia mwakani. Hakuongea na mimi kutoka Juni mpaka maandazi ya Iddi, na kila mwezi alikuwa anakwenda mwenyewe kwenye gereji kujipima, anachora alama kwa kalamu kwenye plastiki ya kiti cha mbele. Alama ziko sita. Sitazifuta.

Vya kuongezea havina mwisho, na duka linataka uvinunue vyote. Nilinunua winchi ya pauni 3,500 yenye kamba ya sintetiki badala ya waya, kwa sababu waya ukikatika unarudi na kichwa chako. Na mkanda mpana wa kuzungushia mti, usiuchubue. Winchi bila betri nzima ni pambo, kwa hiyo betri nayo. Kosa langu lilikuwa kioo cha mbele. Nilifunga kizima, nikijiona mjanja na baridi ya huku. Ukifunga mbele ukaacha nyuma wazi, upepo unapita juu ya paa unageuka, unakuja kukupiga kisogoni, pamoja na vumbi kiangazi, theluji Novemba, na moshi wa ekzosi kidogo kwa ajili ya ladha. Safari moja tu, shingo ikakauka. Sasa nina kile cha nusu, kinachofika kidevuni, na kofia ya sufu aliyonifumia shemeji yangu. Kofia imefanya kazi kuliko kioo.

Msimu uliofuata nilimpiga jike saa mbili asubuhi, ng'ambo ya kinamasi kile kile, kwenye ardhi ya umma. Nikamtoa matumbo, nikamfunika matawi, nikakaa juu ya gogo na chupa ya chai mpaka saa tano ilipogonga. Mkenya alikuwa ameegesha bajaji kwenye mpaka wa shamba, amewasha kabisa, anaangalia saa kama refa. Alikuja na gia ya chini, taratibu, akipita pembeni kwenye ardhi ngumu kwa njia tuliyoifyeka Agosti. Tukainamisha bodi, tukamvuta yule jike juu kwa pamoja, mara moja, tukarudisha bodi. Dakika ishirini na tano tulikuwa uani kwa mzee.

Mkenya alishuka akazunguka nyuma, akamtazama kulungu, akatazama saa. "Na sasa," akasema, "hizi saa tano zilizobaki tutafanya nini?"

Nyama ile tuligawana, nusu ikaenda kwenye pilau la msiba wa jamaa mmoja Brooklyn Park, humu humu Minnesota, na hakuna aliyeuliza ni ya nini mpaka sahani zilipoisha. Mama nilimtumia picha tena. Alijibu, "Angalau inabeba. Nauli shilingi ngapi?"

Majira ya baridi bajaji inalala gerejini kwa mzee. Mwezi wa nne nilikwenda kuiamsha, ikawaka lakini ikawa inakohoa. Nikafungua boksi la filta. Panya alikuwa amejenga humo nyumba ya maana: sufi la kiti kutoka kwenye ule mchaniko ambao sikuushona, majani makavu, na katikati, kama godoro, nyuzi za rangi ya machungwa za glavu ya binti yangu aliyoitafuta msimu mzima. Mwenyewe hakuwepo. Nimeagiza filta mpya, na glavu nyingine.